Roshani za Fundi Ambakisye

Sikio liligonga mara tatu, likatulia, likagonga tena. Kisha likasema, kwa sauti ya Fundi Ambakisye Mwaisumo mwenyewe, ile nzito yenye mkwaruzo wa tumbaku: "Nzima. Ng'oa."

Vibarua waliokuwa chini ya jengo wakaangua kicheko, wakamgeukia mwenye sauti. Fundi Ambakisye alikuwa amesimama katikati yao, mikono nyuma, kofia nyeupe ya mgeni rasmi kichwani, mdomo umefumba.

"Fundi, siku hizi unaongea kwa ukutani!" alisema Mwasomola, kiongozi wa kikosi cha kung'oa mirunda, ile miti inayoegemeza zege lisilokomaa, mtu mwenye mdomo usiopumzika.

Ambakisye alitabasamu. Utani huo alishausikia Iringa, Songea na Tunduma, na kila mara alitabasamu vile vile. Mashine yenyewe ilikuwa na ukubwa wa kobe, miguu sita ya kunata na kinyundo kidogo kifuani. Ilipanda ukuta, ikagonga zege, ikasikiliza, ikatoa hukumu. Mashine za namna hiyo zilikuwa mia tatu na arobaini nchi nzima, zote zikisema kwa sauti ya mtu mmoja. Sheria ilikuwa imeshabadilika: hakuna mrunda unaoondolewa chini ya zege mpaka Sikio liseme. Zamani roshani ilisubiri siku ishirini na nane, mirunda ikiwa imesimama chini yake kama msitu. Sasa siku saba zilitosha. Saiti hii ya Mbeya ilikuwa ya kwanza kumaliza ghorofa sita kwa miezi mitatu, ndiyo maana kampuni ilimleta mzee apigwe picha.

Mvua nyepesi ya asubuhi ilikuwa ikinyunyiza. Sikio lilitambaa hadi roshani ya kusini, ghorofa ya nne, likagonga.

Ambakisye hakuangalia mashine. Kwa mazoea ya miaka mingi, macho yake yalikwenda kwa watu. Ndipo alipomwona mwanamke mmoja mrefu katika kikosi cha Mwasomola, ovaroli limechakaa, kitenge kimefungwa juu yake. Yule mwanamke aliinamisha kichwa kidogo, akakaza kitenge kiunoni, mara moja, kwa nguvu.

"Nzima," lilisema Sikio. "Ng'oa."

Mwanamke yule alikuwa Tusekile, na kukaza kitenge maana yake ilikuwa moja tu. Roshani ile ilikuwa mfu.

*

Ili aibu ya Fundi Ambakisye ieleweke, lazima isemwe wazi kitu ambacho yeye hakuwahi kukisema kwa mtu yeyote, hata kwa mke wake. Hakuwa akisikia.

Sauti za watu alizisikia, kama amewaelekea. Radi aliisikia. Lakini ujana wake wote aliumalizia kwenye mashine za kuvunja miamba, na zile zilimwibia sauti nyembamba zote, moja baada ya nyingine. Sasa zege zima likigongwa hujibu kwa sauti moja iliyokaza. Zege lenye uwazi ndani, mahali ambapo mchanganyiko haukushuka vizuri kuzunguka nondo, hujibu kwa sauti hiyo hiyo, halafu nyuma yake kuna nyingine, nyembamba, inayochelewa kidogo tu. Hiyo ya pili ndiyo yenye kuua watu. Ambakisye alijulikana toka Mbeya hadi Morogoro kama mtu anayeisikia hiyo ya pili, na kwa miaka kumi na mitatu hakuwa ameisikia hata mara moja.

Aliyeisikia alikuwa Tusekile, saidia fundi wake kwa miaka tisa, aliyemletea maji na kumshikia ngazi. Hakuna aliyemwambia kwamba mzee hasikii. Aliligundua mwenyewe, siku moja Ambakisye alipogonga nguzo na kusema nzima, yeye akaduwaa. Tangu siku hiyo alisimama ng'ambo, mbele ya macho yake. Zege likiwa zima, alitulia. Likiwa mfu, alikaza kitenge. Hawakuwahi kulizungumza. Sifa zilikwenda kwa fundi, naye Tusekile alirudi kuchota maji.

Kisha ikaja kampuni na nyundo yenye vinasa sauti. Kwa miezi kumi Ambakisye aligonga na kutamka, nzima au mfu, na mashine ikajifunza kulinganisha mlio na neno. Miezi saba walipiga slabu, nguzo na mihimili, Tusekile akiwa ng'ambo, na mashine ikajifunza vizuri kuliko fundi yeyote aliye hai. Miezi mitatu ya mwisho ilikuwa ya roshani. Roshani mia sita na kumi na mbili. Tusekile hakuwepo.

Zile roshani mzee alizipima kwa macho. Mafundi wana tabia ya kuandika majina yao kwa msumari kwenye zege bichi, na tarehe pembeni. Ambakisye aligonga, akainama kama anasikiliza, akasoma jina. Kama ni la fundi mwenye sifa, nzima. Kama ni la mlevi anayemjua, mfu. Mashine haikujua kusoma majina; yenyewe iliamini kwamba hukumu imetoka kwenye mlio, ikajifunza mlio wa ovyo kwa bidii zote.

*

Saa nne kikosi kilipumzika kwa chai. Ambakisye alimkuta Tusekile nyuma ya rundo la nondo, kikombe cha bati mkononi, kipande cha muhogo juu ya karatasi.

"Ugonile, Tusekile," alimsalimu kwa Kinyakyusa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Miaka minne hatujaonana. Wanao hawajambo?"

"Hawajambo. Umekuja kuniuliza wanangu?"

Tusekile alikuwa ameongeza mvi. Hakumkaribisha kukaa, naye mzee akabaki amesimama na kofia yake nyeupe.

"Ile ya kusini," alisema kwa sauti ya chini. "Una hakika?"

"Fundi, mimi nimekuonyesha kwa sababu mkono wangu umezoea. Nilishaapa sitakuonyesha tena kitu." Alikunywa chai. "Ni mfu. Karibu na ukuta, pale zinapoingia nondo za juu. Ikibaki bila mirunda itakatika kama biskuti."

"Na wewe utakuwa chini yake."

"Mimi, Mwasomola na wengine wanne. Tunaing'oa baada ya chai."

"Kwa nini usimwambie injinia?"

Tusekile aliumega muhogo wake.

"Nimwambie nini? Kwamba mimi kibarua nasikia kuliko Fundi Ambakisye? Wiki iliyopita nilimwambia Mwasomola kuhusu ile ya ghorofa ya pili. Akasema, mama, sauti hiyo ni ya mzee mwenyewe, wewe umesomea wapi? Tukang'oa. Mpaka sasa imesimama, na kila nikipita chini yake nakimbia."

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mitatu jambo lile lilikuwa limesemwa kwa mdomo. Ambakisye alihisi masikio yanawaka, hayo hayo yasiyo na kazi.

"Nitaizuia," alisema. "Nitasema nimeona doa la kutu pembeni, inaashiria maji yameingia. Waiache wiki tatu, halafu waivunje kimya kimya. Mtakuwa salama."

"Hiyo moja."

"Hiyo moja kwanza."

"Na roshani za watu wa Songea? Nao wana mtu wa kuwaonea kutu?"

Tusekile alimwaga masalia ya chai chini, akavaa glovu.

*

Injinia Nakijwa alikuwa na ofisi ndani ya kontena, safi, yenye ua la plastiki mezani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye adabu ya nyumbani, na alimwinukia mzee.

"Mzee wangu, karibu ukae. Picha zimetoka vizuri sana."

Ambakisye alimwambia habari ya doa la kutu. Alijiandaa kubishana. Hakubishiwa.

"Basi haing'olewi," alisema Nakijwa, akachukua kibao chake cha kioo. "Mzee akisema, nani aseme tena? Nampigia Mwasomola ahamie ya kaskazini, ile ya kusini aiache."

Simu ilipokwisha, mzee akashusha pumzi. Imekwisha, alijiambia, na rahisi hivyo. Alikuwa ameshaanza kusimama.

"Subiri kidogo, tumfundishe mwanafunzi wako," alisema injinia, uso umemchangamka. "Huwa hatupati bahati ya mwalimu kumkosoa ana kwa ana." Aligusa kibao. "Sikio, mwalimu amekukosoa kwenye roshani."

"Nasikiliza," ilijibu sauti ya Ambakisye kutoka mezani.

"Roshani ya kusini, ghorofa ya nne. Ulisema nzima, mwalimu anasema mfu. Sababu ni doa la kutu pembeni." Akamgeukia mzee. "Sasa itaacha kuamini ule mlio, itaanza kutafuta kutu. Ukisema tu neno 'thibitisha', nusu saa haiishi, Masikio yote mia tatu na arobaini yatakuwa yameshajua. Leo peke yake nchi nzima kuna roshani mia mbili na kumi zinasubiri jibu."

Ambakisye alikaa tena. Uongo wake mdogo, alioutengeneza kwa ajili ya watu sita, ulikuwa umepewa midomo mia tatu na arobaini. Roshani nzima zenye madoa zingevunjwa bure. Zile mbovu zisizo na doa zingepita, na sasa zingepita kwa kujiamini zaidi, kwa sababu mwalimu amesema bovu ni lenye kutu. Na Nakijwa alikuwa akimtazama kwa heshima ile ya mtoto anayemsubiri babu yake amalizie hadithi. Ilimchoma kuliko matusi.

"Mzee? Thibitisha tu."

Nje, juu ya ukuta wa kaskazini, kinyundo kiligonga mara tatu. Ambakisye hakukisikia. Lakini maneno aliyasikia, kwa kuwa yalikuwa yake.

"Nzima. Ng'oa."

*

Alitoka mbio, mzee wa miaka sitini na sita, akaikanyaga mifuko ya saruji na kuangusha kofia nyeupe kwenye tope.

"Msing'oe! Acheni! Tokeni hapo chini!"

Chini ya roshani ya kaskazini watu sita walikuwa wameshaanza. Hata mwaka huo wenye mashine za kusema, mrunda ulikuwa bado ni mti wa mkaratusi, na uling'olewa kwa nyundo kubwa. Mrunda mmoja ulikuwa umelala tayari. Mwasomola alikuwa ameinua nyundo kwa ajili ya wa pili.

"Fundi," alisema akicheka, "si umetuambia sasa hivi tung'oe? Tumsikilize Ambakisye yupi, wa ukutani au wa matopeni?"

Wengine wakacheka naye. Tusekile hakucheka. Alikuwa ameshika mrunda wake kwa mikono miwili, hauvuti, hauachii.

"Msikilizeni huyu wa matopeni," alisema Ambakisye.

"Na yule ana kasoro gani? Si ni wewe?"

Ambakisye angeweza kusema kutu. Angeweza kusema nyufa, mvua, chochote, wangetoka, wangemshukuru. Nakijwa alikuwa amefika nyuma yake, anahema, kibao mkononi.

"Ni mimi," alisema mzee. "Ndiyo kasoro yake. Mimi sisikii."

Mwasomola akaweka mkono sikioni, akapaza sauti kwa utani: "Husikii nini, mzee?"

"Zege. Sijalisikia zege kwa miaka kumi na mitatu. Huyu mama ndiye alikuwa akisikia, mimi nasoma mwili wake. Slabu na nguzo amezisikia yeye. Roshani hakuwepo, nikabahatisha. Zote. Mashine imefundishwa na kiziwi. Tokeni hapo chini, nawaomba."

Hawakucheka tena. Mwasomola aliishusha nyundo taratibu, akarudi kinyumenyume, na wenzake wakamfuata. Tusekile alitoka wa mwisho.

Injinia Nakijwa hakupandisha sauti. Aliagiza mirunda irudishwe, akampa Tusekile nyundo ndogo. Tusekile alipanda, akagonga roshani ya kaskazini.

"Hii nzima," alisema.

Mwasomola akakohoa. Wengine wakatazamana, na mzee alihisi wameanza kumwona mwendawazimu. Tusekile akaenda ya kusini, akagonga karibu na ukuta, akarudia shubiri moja pembeni, akaweka alama ya chaki. "Hapa."

Walitoboa. Keekee ilizama inchi mbili, kisha ikaingia yenyewe bila kusukumwa. Walipopanua tundu, Mwasomola aliingiza ngumi yake ndani ya zege hadi kifundo cha mkono, akagusa nondo zilizokaa hewani. Aliutoa mkono, akauangalia, halafu akaangalia ile roshani ya ghorofa ya pili aliyoing'olea mirunda wiki iliyopita.

"Mama Lusajo," alimwambia Tusekile, "nisamehe."

*

"Nieleze jambo moja, mzee," alisema Nakijwa. Uso ulikuwa umemshuka, na neno "wangu" lilikuwa limeondoka kwenye "mzee". "Kwa nini mama huyu hakuwepo kwenye roshani?"

Watu wote walikuwepo. Jibu la uongo lilikuwa tayari mdomoni mwa Ambakisye, limelainika kwa kutumiwa: aliugua. Hivyo ndivyo alivyokuwa akijiambia mwenyewe usiku na mchana, mpaka karibu aliamini. Alimtazama Tusekile. Tusekile alikuwa akiangalia viatu vyake.

"Kampuni iliniuliza huyu mama ana kazi gani," alisema Ambakisye. "Nikisema namhitaji, wangeuliza namhitaji kwa nini. Nikasema anabeba maji tu, aondolewe. Sikumwambia mwenyewe. Asubuhi alifika getini, mlinzi akamwambia jina lake halipo. Mimi nilikuwa ndani, nikamwona. Nikageukia ukuta."

Machozi yalimtoka, na hakuyafuta, kwa sababu aliona hana haki hata ya kujificha nyuma ya kiganja.

Nakijwa alimnyooshea kibao. Mfumo haukukubali neno la mtu mwingine. Kampuni iliutengeneza hivyo kwa fahari, mwalimu mmoja, sauti moja. Ambakisye alikishika kwa mikono miwili.

"Sikio. Roshani zote nilizokufundisha."

"Nasikiliza."

"Sikuzisikia. Futa zote. Ukifika kwenye roshani, waambie watu hivyo."

"Thibitisha."

"Nathibitisha."

Juu ya ukuta wa kaskazini mashine ilisita, ikagonga mara tatu kwa mazoea, kisha ikasema kwa sauti nzito yenye mkwaruzo: "Sikusikia." Ikatambaa hatua mbili, ikasema tena. Nusu saa haikuisha, na Songea, Tunduma, Iringa, kote ambako alipigiwa makofi, sauti yake ilikuwa ikisema hivyo hivyo mbele ya watu walioacha kazi na kuinua vichwa.

Nakijwa alimwendea Tusekile. "Mama, tunahitaji masikio yako. Leo hii. Kuna roshani watu wanaishi juu yake."

"Nitakuja," alisema Tusekile. "Naanza na ile ya ghorofa ya pili, wekeni mirunda kwanza, dakika kumi zitanitosha. Halafu mnipe saa moja niende na fundi mahali." Akamgeukia Ambakisye. "Umesema hapa. Sasa utasema na nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwa mama mkwe wangu, hapo Ilemi. Mwanamke amefanya kazi na fundi mmoja miaka tisa, halafu siku moja anafungiwa geti bila sababu. Unadhani watu walisema nini? Mume wangu aliniamini. Yule mama mpaka leo hali chakula nilichopika."

Hilo Ambakisye hakuwa amelifikiria hata mara moja. Miaka minne alijihurumia kwa siri yake, wala hakujiuliza ilikuwa ikilala nyumba gani.

Walitembea mchana kweupe, yeye kichwa wazi, viatu vina tope. Mtaani watoto walikuwa wakitoka shule na wanawake walikuwa wamekaa vibarazani wakichambua mboga. Bibi alikuwa nje, juu ya mkeka, mdogo, mkavu, kanga mpya mabegani. Tusekile alipiga magoti, akamsalimu, akasema ameleta mgeni mwenye neno.

Ambakisye alichuchumaa mbele yake. "Mama," alianza kwa sauti ya chini, ya faragha, "mimi ndiye fundi aliyekuwa..."

"Paza sauti, baba," alisema bibi, akijigusa sikio na kucheka, bila haya hata chembe. "Mimi sisikii. Masikio yameisha siku nyingi. Paza sauti kabisa."

Majirani waliacha kuchambua mboga. Ambakisye alivuta pumzi, akaanza upya, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima.